Tableti ya kutazamia filamu Mombasa: lipia weusi wa kioo, 4K iache

Juzi nilimsindikiza ami yangu duka moja la Moi Avenue. Anataka tableti ya kutazamia mpira na filamu barazani, Kibokoni. Kijana wa dukani akamtolea moja isiyo na jina la maana, akaipangusa kwa mkono wa shati. "Ami, hii 4K kamili, na HDR juu yake. Zunguka Mombasa nzima hupati kama hii."

Nilikuwa na leso kikapuni. Nikajifunika kichwa pamoja na tableti, nikafungua video ya fataki za usiku. Anga ilikuwa kijivu kama jivu la jiko, si nyeusi, na fataki zenyewe zimepauka. "Mama, wajifukiza?" kijana akauliza, duka zima likacheka. Mimi nilikuwa nimeshapata jibu langu.

Tuanze na hiyo 4K. Ni nukta 3840 kwa 2160, kama milioni 8.3. Hakuna tableti hata moja katika orodha yangu yenye nukta hizo. Hata iPad Pro ya inchi 13 ina 2752 kwa 2064, hazifiki milioni 5.7. Na kwenye kioo cha inchi 11 ulichokiweka mapajani, jicho halitaona pengo. Netflix yenyewe haipeleki 4K kwenye tableti, inaishia mistari 1080 ya nukta. Maandishi ya "4K" kwenye boksi mara nyingi humaanisha mashine inaweza kufungua faili la 4K, au kamera yake inarekodi hivyo. Kioo ni habari nyingine.

HDR, yaani video yenye upana mkubwa zaidi wa mwanga kutoka giza hadi mng'ao, ndiyo inayobadilisha picha. Video ya kawaida ina ngazi 256 za kila rangi ya msingi, ya HDR ina 1,024, kwa hivyo machweo hayakatiki mistari mistari. Lakini ngazi hizo zinataka kioo chenye weusi wa kweli na mwanga mkali kwa pamoja. Kioo cha LCD kina taa nyuma yake, na taa ile huvuja hata mahali panapotakiwa kuwa giza. Cha OLED kila nukta hujiwasha na kujizima yenyewe. Tableti nyingi za LCD zinapokea HDR bila matatizo, kisha zinaionyesha kama video ya kawaida. Mimi huiita HDR ya karatasi.

Na sisi tuna jua letu. Barazani saa tisa mchana, ukuta mweupe wa jirani ukikumulika usoni, kioo cha niti 400 (niti ni kipimo cha ukali wa mwanga) kinageuka kuwa cha kujitazamia ndevu. Joto nalo lina lake: Apple huandika kwamba iPad ifanye kazi mahali pasipozidi nyuzi 35. Msimu wa kaskazi, ukiiacha juani, itajipunguza mwanga yenyewe, hata kama umelipa bei gani.

Sasa orodha yangu, ya kwanza ikiwa ndiyo ningemnunulia ami.

1. Samsung Galaxy Tab S9, inchi 11. Ilitoka 2023. Kioo ni OLED, nukta 2560 kwa 1600, HDR10+ (aina mojawapo ya HDR), na inakubali kadi ya kumbukumbu, jambo ambalo iPad haina. Ina kinga ya maji na vumbi ya IP68, kwa hivyo kikombe cha chai ya tangawizi kikipinduka hakuna msiba (maji ya chumvi hayamo katika kipimo hicho, usiende nayo baharini Mama Ngina ukaichovya). Haina Dolby Vision, aina nyingine ya HDR, lakini HDR10 hutumika karibu kila mahali. Bei yake ya kutokea Marekani ilikuwa dola 799, na kwa kuwa warithi wake wameshafika, muuzaji anayekazania bei ya upya mwache azungumze peke yake. Ukitaka kubwa, S9+ ya inchi 12.4 ni ileile, ila mkono utachoka.

2. iPad Pro M4 ya 2024. Kwa picha tupu, hii ndiyo bora: tabaka mbili za OLED, niti 1,000 kioo kizima na 1,600 kwenye sehemu kali za HDR, Dolby Vision ndani. Barazani haina mpinzani. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya bei, ilianzia dola 999 kabla haijavuka bahari, na mtu wa kutazama filamu tu hahitaji mashine ya kuhariri filamu.

3. iPad Pro ya inchi 12.9 ya 2021 au 2022, iliyotumika. Hapa ndipo pesa za mjanja zinapokwenda. Ni LCD, lakini nyuma yake kuna taa ndogondogo zaidi ya 10,000 zilizogawanywa maeneo 2,596 yanayozimika kila moja peke yake, na inafika niti 1,600 zilezile. Kasoro: maandishi meupe ya tafsiri kwenye giza huzungukwa na ukungu wa mwanga. Kuna wanaochukia. Mimi nilizoea siku ya pili. Ile ya inchi 11 ya miaka hiyo haina taa hizi, na wauzaji huzichanganya, wengine kwa kutojua.

4. Galaxy Tab S7+ au S8+ iliyotumika. OLED ya inchi 12.4. Angalia "+" hiyo kwa makini, maana S7 na S8 zisizo nayo ni LCD. Fungua picha ya kijivu kitupu, mwanga juu kabisa, utafute alama zilizoungua za vitufe vya chini au nembo ya chaneli.

5. iPad Air na Tab S9 FE. Nzuri kwa masomo. HDR ya karatasi.

6. Galaxy Tab A9+. 1920 kwa 1200, LCD, bei nafuu. Kwa katuni za watoto inatosha kabisa, mradi hujaambiwa ni kitu kingine.

Kabla hujatoa pesa, omba waifai ya duka. Fungua YouTube, tafuta video ya HDR, kisha tazama orodha ya ubora: neno HDR lionekane kando ya namba. Kwenye Android ingia Netflix, mipangilio ya programu, sehemu ya vipimo vya uchezaji. Ikisema Widevine L1 (Widevine ni ulinzi wa filamu dhidi ya kunakiliwa), sawa. Ikisema L3, picha haitapanda juu ya mistari 480, ndiyo habari ya zile zisizo na jina. Jua pia kwamba HDR ya Netflix ni ya kifurushi cha Premium tu. Kwa iliyotumika, hakikisha akaunti ya mwenyewe wa zamani imetolewa mbele ya macho yako.

Kuhusu data, nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilitua hapahapa Mombasa 2009, lakini bando la simu halijui hilo. Netflix ya HD hula mpaka GB 3 kwa saa. Pakua nyumbani.

Kijana wetu, nashukuru, hakununa. Alikwenda stoo akarudi na S9. Nikajifunika tena, fataki zilezile, na safari hii sikuona mwisho wa kioo unapoanzia. Nikakaa kimya kidogo. Pindo la leso likainuka, ami akaingiza kichwa. "Sogea," akasema, "nami nijifukize."