Saa ya kubana kifuani, miezi mitatu kitengo cha dharura
Niliinunua Kariakoo, elfu kumi na mbili, wiki yangu ya pili kitengo cha dharura. Saa ya mkononi tumekatazwa, na simu utaishikaje na glavu zenye damu? Hii inaning'inia kichwa chini. Ukiinama kuitazama, namba zimekaa sawa. Mshale wa sekunde ni mwekundu, hata saa tisa usiku macho yamechoka nauona. Dripu ya lita moja iishe kwa masaa manane, seti (mrija wa dripu) ya matone 20 kwa mililita: nahesabu matone 42 kwa dakika, simwiti tena sista kila mara. Shida ni pini. Ililegea, saa ikatumbukia kwenye ndoo ya klorini mbele ya daktari! Ilipona, ila kioo kina ukungu. Sasa nimeifunga kwa pini ya nepi. Nyota nne.