DVD-R, DVD+R au CD-R: ununue diski ipi ya kuchomea nyumbani?

Kama video ya harusi iko kwenye kompyuta na mama anataka kuitazama kwenye deki yake ya zamani, nunua DVD-R, usizunguke. Kwangu hiyo ndiyo namba moja. Ilitoka 1997, na deki nyingi kongwe huisoma bila kugoma. Inabeba GB 4.7, yaani video ya saa mbili hivi kwa ubora wa kawaida. Kwenye kompyuta huenda ukaona 4.37 tu. Hujaibiwa: kiwanda kinahesabu kwa 1000, kompyuta inahesabu kwa 1024.

Namba mbili ni DVD+R, iliyokuja 2002. Ujazo karibu uleule, na kwenye deki mpya hutaona tofauti. Kwenye deki ya zamani, hiyo ni bahati nasibu: inaimeza, inazungusha weee, halafu inaitema.

CD-R naiweka ya tatu, kwa ajili ya redio ya gari tu. MB 700, au muziki wa dakika 80. Redio kama haisomi MP3, choma kama CD ya muziki, usinakili mafaili tu.

Zile za RW, zinazofutika na kuchomwa upya hata mara 1000, ni za kufanyia majaribio. Kumbukumbu ya familia siiweki humo. Blu-ray ya kuchoma inabeba GB 25, lakini inataka mashine yake maalumu. Kama huna, iache dukani.

Usikimbilie mnara wa diski 50 kwa sababu ni rahisi. Chukua chache, choma moja, kaijaribu kwenye deki itakayotumika. Hata boksi likisema kasi ya 16x, mimi nachoma kwa 8x. Na mwisho wa kuchoma, hakikisha programu imeifunga diski (finalize), ili deki nyingine ziweze kuisoma. Niliwahi kuchoma DVD-R tano za maulidi nikasahau hatua hiyo. Kwangu zote zilicheza; kwa bibi hakuna hata moja iliyofunguka, na wageni walishaketi.

Jina andika kwa kalamu ya CD, upande wa juu. Stika ya karatasi ikianza kubanduka pembeni, diski inayumba ndani ya deki na picha inakwamakwama.