Doki ya USB-C na monita tatu: piga hesabu ya leni kabla ya kutoa pesa

Doki ni kifaa kinachounganisha laptopu na monita na vifaa vingine kwa kebo moja. Hii yenyewe ni ya aina inayojaa kwenye maduka ya kompyuta ya Oginga Odinga Street hapa Kisumu: kebo fupi ya USB-C isiyochomoka, HDMI mbili, DisplayPort moja, poti tatu za USB 3, tundu la waya wa intaneti na tundu la kupitishia chaja. Shilingi 9,500. Boksi linadai inabeba monita tatu pamoja na 4K (pikseli 3840 kwa 2160). Nimeitumia na ThinkPad T480 ya ex-UK, kwa kuwa laptopu za rika hiyo ndizo nyingi maofisini huku. Monita ni tatu: moja ya inchi 27 yenye pikseli 2560 kwa 1440, na mbili za inchi 24 za Full HD (1920 kwa 1080).

Kazi inafanya, na poti zake ni imara. Tatizo ni boksi, ambalo limesema nusu ya habari na kunyamazia nusu.

Ndani ya USB-C kuna jozi nne za waya za kasi. Zikitumika zote kwa picha unapata leni nne, yaani njia nne za kubebea picha, za DisplayPort, na upande wa data unabaki na USB 2.0 peke yake. Doki yenye poti za USB 3 haina uhuru huo. Inatenga jozi mbili kwa data na kuipa picha leni mbili tu. Usidhani kwamba ukiacha poti za USB wazi, bila flashi wala diski, leni zile zitarudi kwa picha. Mgawanyo hufanyika mara tu kebo inapochomekwa, na hubaki hivyo hivyo.

T480 hutumia kadi ya picha ya Intel UHD 620, na kila leni yake hubeba gigabiti 5.4 kwa sekunde. Kila biti 8 hutumwa kama biti 10, kwa hiyo sehemu moja ya tano huliwa njiani. Leni nne zinakuachia gigabiti 17.28, leni mbili 8.64. Doki hugawa mkondo huo kwa monita kadhaa kwa mfumo wa MST, nao hukata nafasi vipande 64 na kujiwekea kimoja. Ukishatoa hicho, una takriban 8.5. Hizo ndizo pesa zote mfukoni, na monita zote za kwenye doki zitanunua humo.

Bei ya kila monita ni upana mara urefu mara hezi (mara ambazo picha huchorwa upya kwa sekunde) mara biti 24 za rangi ya kila pikseli. Full HD ya hezi 60 inakupa karibu gigabiti 3. Wengi huishia hapo na hesabu yao hutoka vibaya, kwa sababu ishara husafiri na ukingo usioonekana kuzunguka picha. Kwa Full HD ya kawaida ya HDMI, kinachotumwa hasa ni pikseli 2200 kwa mistari 1125, na bei inapanda hadi 3.6. Ile ya 2560 kwa 1440 yenye hezi 60, hata kwa ukingo uliopunguzwa, inataka 5.8.

Sasa jumlisha: 5.8 na 3.6 ni 9.4. Monita mbili tu, na tayari umepita 8.5. Ya tatu hata haijafika mezani.

Nafasi ikiisha, laptopu haikuambii. Monita iliyowahi kuamka hupewa inachotaka, na inayofuata huokota makombo: inakaa nyeusi, inashuka hadi hezi 30, au inakuja na picha kubwa yenye herufi zilizovimba. Kesho yake, ukiziwasha kwa mpangilio mwingine, ugonjwa unahamia kwa jirani. Hapo ndipo watu hukimbilia kununua kebo mpya ya HDMI, halafu nyingine tena. Kipimo cha kutenganisha haya mawili hakina gharama. Chomoa monita zote kwenye doki, bakisha moja. Ikikaa sawa peke yake kwa pikseli zake zote na hezi 60, kebo yake ni nzima na shida ni nafasi. Ikiendelea kumeta vinukta au kuzima kwa sekunde moja na kurudi, hiyo sasa ni kebo au tundu.

Dawa iliyofanya kazi ni kuhamisha mzigo mkubwa. T480 ina HDMI yake ubavuni, ambayo haipiti kwenye doki kabisa. Ni HDMI 1.4, lakini 2560 kwa 1440 ya hezi 60 inaingia bila taabu. Nikachomeka ile ya inchi 27 hapo, zile mbili za Full HD zikabaki kwenye doki. Mbili mara 3.6 ni 7.2, chini ya 8.5, na tangu hapo hakuna iliyozima.

Angalia lakini hezi za hizo ndogo. Monita nyingi za inchi 24 siku hizi zinakuja na hezi 75, na mtu huona namba kubwa kwenye mipangilio akaibonyeza. Kwa hezi 75 kila moja inataka kati ya 4.2 na 4.5 kutegemea ukingo, kwa hiyo mbili ni 8.4 hadi 9. Uko pale pale kwenye mdomo wa shimo: jozi moja itakubali, nyingine itakataa. Kwa kazi za ofisi, Excel huku na iTax kule, weka 60 uendelee na maisha.

Kuna kikomo cha pili ambacho hakuna doki itakayokiondoa. UHD 620 hutoa picha tatu tofauti kwa wakati mmoja, kioo cha laptopu kikihesabiwa. Ukitaka monita tatu za nje, kioo cha laptopu lazima kizimwe. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, chagua kwamba kufunga kifuniko kusifanye chochote wakati chaja imechomekwa, kisha funga. Usipofanya hivyo monita ya tatu itatambuliwa kwa jina, itaonekana kwenye orodha, na itakataa kuwaka.

Kuhusu 4K ya kwenye boksi: hezi 60 zinataka 12.8, leni mbili hazina. Utapata hezi 30, na kishale cha mausi kitaburura mguu. Kwa kutazama ramani au picha zilizotulia inavumilika. Kwa kuandika siku nzima, hapana.

Mwenye laptopu mpya zaidi yenye DisplayPort 1.4 ana nafuu, leni yake moja inafika 8.1, na mbili zinampa 12.96 baada ya yale makato ya sehemu moja ya tano. Ile jozi ya 9.4 iliyonishinda inatoshea kwake bila kuhamisha kitu. Lakini doki nayo iwe ya 1.4. Kati ya laptopu na doki, aliye mdogo ndiye anayeweka kasi. Muulize muuzaji karatasi ya vipimo, usitosheke na kibandiko.

Watumiaji wa Mac, hii si yenu. macOS haitumii MST kutanua meza ya kompyuta (desktop). Monita zote za kwenye doki zitaonyesha picha moja ile ile. Kwenu ni doki ya Thunderbolt, poti ya kasi zaidi yenye umbo la USB-C, au doki ya DisplayLink, inayobana picha na kuipitisha kama data ya USB. DisplayLink inaruka hesabu yote hii ya leni, ila inahitaji draiva, inachosha prosesa, na filamu zilizolindwa hutoka nyeusi.

Kebo ya doki hii haichomoki, na kwangu hilo ni faida ingawa ikikatika umepoteza doki nzima. Doki za kebo huru hurudishwa na malalamiko kwa sababu moja: kebo halisi imepotea, mtu akachukua ile ya kuchajia simu. Nyingi za hizo zina waya za USB 2.0 na za umeme tu. Laptopu itachaji, mausi itafanya kazi, picha hakuna, kwa maana jozi za kasi hazimo ndani yake.

Umeme nao uhesabu. Doki hujikatia wati 10 hadi 15 kabla ya kuipa laptopu kilichobaki. Chaja ya wati 65 inaacha 50 hivi, na T480 inaridhika. Chaja ya 45 itaonyesha alama ya kuchaji huku betri ikishuka taratibu wakati wa kazi nzito. Kisha kuna stima ya Kisumu, hasa zile alasiri mvua ya radi inapotoka upande wa ziwa. Stima ikikatika hata nusu sekunde, chaja inazima, doki inaanza mazungumzo upya na laptopu, na monita zake zinapotea kwa sekunde kadhaa hata kama betri imejaa. Zikirudi, madirisha yote yamerundikana kwenye monita moja. Weka chaja ya doki kwenye UPS (betri ya akiba), pamoja na monita. Laptopu na monita tatu za LED hazivuki wati 150 kirahisi, kwa hiyo UPS ya 650 VA inazibeba. Kuiweka monita kwenye UPS na kuisahau chaja ya doki ni kazi bure.

Mwisho wa ufungaji, usiamini macho. Fungua mipangilio ya onyesho ya Windows, ingia sehemu ya kina, chagua monita moja moja. Kuna mistari miwili: ukubwa wa meza, na ishara inayotumwa hasa. Meza inaweza kusoma 2560 kwa 1440 wakati ishara ni ya Full HD iliyotanuliwa, na hapo herufi zinakuwa na ukungu ambao mtu anaweza kuulaumu uzee wa macho. Mistari hiyo ikilingana na hezi zikasoma 60 kwa zote tatu, izime laptopu, iwashe tena na doki ikiwa imechomekwa, na usome upya. Mpangilio uliopita kipimo hicho mara mbili ndio ninaouacha mezani.