Fundi aliyenikompailia FreeBSD nzima siku za Maulidi

Nyumba yangu ya wageni iko Langoni, hapa Lamu. Intaneti ya wageni na daftari la vyumba vyote viko kwenye seva moja ndogo ya FreeBSD, mfumo endeshi wa kompyuta. FreeBSD naipa nyota zote, sina neno nayo. Neno langu ni na fundi.

Nilimwita anipandishie toleo jipya, basi. Njia yake imenyooka: freebsd-update, zana rasmi ya mfumo, inapakua faili zilizokwisha kukompailiwa (kugeuzwa kutoka msimbo kuwa programu tayari) na kutiwa sahihi na wenye mfumo, unaziweka, unawasha upya, unamalizia. Yeye akaketi akaanza kuvuta msimbo aukompaili mwenyewe. Nikamuuliza, mwanangu, mbona hutumii ile rasmi? Hata hakugeuka. "Bi mkubwa, hiyo ni ya watu wasiojua kompyuta."

Ndani ya nyumba yangu, na chai yangu mkononi!

Buildworld ikaanza. Kwa asiyeijua, mashine hujikompailia mfumo mzima, pamoja na kikompaila chenyewe, Clang na LLVM, na hapo ndipo saa zinapoishia. Mtu anataka mkate wa mofa, wewe waenda kupanda mtama! Feni ikalia mpaka mgeni wa juu akashuka kuuliza kuna nini. Alasiri stima ikapotea. Kwa haki, hapo hakikuharibika kitu, maana yote hukaa kwenye folda ya /usr/obj mpaka uyaweke. Lakini mji umejaa watu wa Maulidi, wageni wamesimama mlangoni na mizigo, na mimi sijui nani amelipia chumba kipi.

Usiku ikafika zamu ya etcupdate, inayouliza ufanye nini na faili za mipangilio za /etc pale zako na mpya zinapogongana. Kwenye master.passwd, faili ya akaunti na manenosiri, nilimwona kwa macho yangu akichagua faili mpya nzima bila kusoma hata mstari. Akaunti zetu zote zikafutika, root, akaunti kuu, ikabaki haina nenosiri. Nikamwonyesha. "Hicho kitu kidogo." Kitu kidogo, kwenye seva inayopitisha intaneti ya wageni!

Simdhulumu. Kukompaili kuna mahali pake. Mwenye kaneli (kiini cha mfumo) aliyoitengeneza mwenyewe hana budi, kwa sababu freebsd-update huleta GENERIC tu, kaneli ya kawaida. Tena kwenye src.conf, faili ya mipangilio ya kukompaili, unaweza kuacha nje usivyovitaka, na hilo nalipenda kwa dhati. Na akaunti zilipokwisha kurudishwa, mashine ilikwenda vizuri sana, haikukwama hata kidogo. Nilikuwa karibu kusema huenda kijana alijua afanyalo.

Mpaka ilipotoka taarifa ya usalama. Naendesha freebsd-update, inanikatalia. Kumbe alinivutia tawi la STABLE, la msimbo unaoendelea kutengenezwa, na freebsd-update haihudumii tawi hilo! Kaneli yangu ni ile ile GENERIC, hakuna alichobadilisha, hakuna alichoondoa. Sasa kila kiraka ni kukompaili upya, au kumwita yeye aje alipwe tena. Nilipompigia simu akaniambia, "Si nilikwambia hii ni ya wajuzi?"

Flashi yenye kisakinishi rasmi cha RELEASE, toleo lililokamilika, ninayo tayari, wageni wakipungua naweka upya mwanzo mwisho. Nusu ya malipo yake iliyobaki siipeleki. Aje aidai mwenyewe hapa Langoni, mbele ya wazee.