Sinki la Sato kwenye choo cha shimo: zuri, ila angalieni na mlango

Naona wengi mnaulizia haya masinki ya plastiki ya Sato ya choo cha shimo kama yanafaa au ni mbwembwe tu. Sisi tuliweka kwa mama kijijini huku upande wa Chamwino, Dodoma, limeshapigwa masika na kiangazi ndo naandika. Kwa kifupi chukueni. Ila sinki peke yake sio choo, na hasa kama watumiaji wengi ni wanawake, nitaelezea.

Lenyewe chini lina kifuniko chenye uzito kwa nyuma, ukimwaga maji kinafunguka mzigo unashuka, alafu kinajirudisha chenyewe. Hamna springi wala umeme. Kopo moja la maji linatosha, na kwetu hapo ndo penyewe, mana mwezi wa kumi dumu la maji unalifuata mbali na hakuna atakayekubali kumwaga ndoo nzima chooni. Harufu imepungua sana, nzi pia. Watu wa Kongwa na Chamwino mnaijua trakoma, ile ya bibi zetu kope kugeukia ndani zinakwaruza jicho mpaka mtu anapofuka, sasa yule nzi anayeieneza anapenda kuzaliana kwenye kinyesi kilichoachwa juu ya ardhi, na wanaoumia zaidi ni kina mama mana ndo wanashinda na watoto wenye macho machafu. Na watoto wenyewe walikuwa wanaliogopa lile tundu, mdogo wetu wa mwisho alikuwa anaenda nyuma ya zizi, sa hivi anaingia mwenyewe haitwi.

Msitupe magunzi wala vitambaa humo, kifuniko kitakwama kibaki wazi. Na fundi msimamieni, wa kwetu alimwaga sakafu ikainamia ukutani maji yakawa yanatuama pembeni, akarudia tena kwa simenti yetu. Sakafu iinamie kwenye sinki, mwambie kabla hajachanganya zege.

Sasa mlango. Kibanda cha mama kilikuwa cha mabua ya uwele, mlangoni gunia. Upepo wa Dodoma mwezi wa saba mnaujua, umechuchumaa huku mkono mmoja umeshikilia gunia lisipeperuke, mwingine umeshika kanga, kopo utalishika na nini? Sisi tukaweka sinki jipya humohumo, baba na kaka wakasifia weee, kumbe mama na wadogo zangu wa kike bado wanasubiri giza. Hakuna aliyewauliza. Mpaka mdogo wangu mmoja akanambia dada, sinki zuri, ila nikiinuka baba ananiona kichwa na yeye yupo hapo anakunywa chai. Wifi yangu ndo kabisa, kwa heshima za kwetu hawezi kukatiza uani na kopo mkononi wakati baba mkwe wake amekaa pale, atabana tu mpaka mzee aende shamba.

Na msiniambie si pori lipo. Pori la huku masika linaficha, kiangazi miti imepukutika yote unamuona mtu toka mbali, kwahiyo wanawake wanakunywa maji kidogo makusudi ili wafike usiku, UTI haziishi, na huo usiku wenyewe una fisi. Bibi anasema hata 1973 kampeni ya redioni ya Mtu ni Afya iliwahimiza wachimbe vyoo na wakachimba kweli. Ikaja kampeni ya Nyumba ni Choo ya Wizara ya Afya 2017, watu wakachimba tena. Shimo sio shida yetu jaman, ukuta na mlango ndo kila mtu anaweka mwishoni hela ikibaki, na haibaki.

Tulichofanya, ukuta wa tofali za kuchoma kupita kichwa cha mtu mzima, bati juu, mlango wa mbao tukaugeuzia upande wa zizi usiangalie uani, komeo kwa ndani. Misumari miwili ukutani ya kutundikia kanga na mfuko, na kindoo cha kutupia pedi, chenye kifuniko, hicho kindoo kaka aliuliza cha nini tukamwambia hakikuhusu. Nje kibuyu chirizi cha kunawia mikono na sabuni. Ukuta ulikula hela kuliko vyote, sinki lenyewe halikufika hata bei ya mfuko mmoja wa simenti. Wifi sa hivi anaenda hata saa nne asubuhi, mzee akiwepo.

Sinki nalipa nyota tano, kazi ya fundi mbili. Dukani kabla hujalipa sukuma kifuniko kwa kidole uone kinarudi chenyewe, kikibaki nusu omba lingine. Na komeo nunua hapohapo siku hiyohiyo, usiseme utalirudia.