Shedi neti nyeusi juu ya kidimbwi cha kobe: inafaa, lakini pindo zake ni bure kabisa

Wenye mnafuga kobe wa maji hapa Kisumu mnajua jua la saa saba halina mchezo, na kidimbwi cha simiti chenye maji ya magotini kinapata moto haraka sana. Nilinunua shedi neti (wavu wa kivuli) ya asilimia 80, yaani inazuia asilimia 80 ya mwanga wa jua, inauzwa kwa mita, agroveti moja ya hapa mjini, na kusema kweli kazi inafanya. Upande wa kivuli thamomita inakaa nyuzi 27 hivi hata saa nane, pale wazi inapita 32 na hiyo kwa kobe si salama.

Sasa usifunike dimbwi lote ati! Kobe hatoi jasho, joto la mwili analipanga kwa kuhama tu, anaota jua juu ya jiwe (hapo ndio anapata vitamini D3 ya gamba) halafu anarudi kivulini, kwa hivyo wacha kama theluthi wazi. Na uitundike juu, angalau urefu wa mtu, hii nyeusi inashika joto na ikikaa chini hewa haipiti.

Shida ni pindo. Muuzaji aliniapia haichaniki, lakini ule upepo wa ziwa wa mchana umeshaifumua kona zote mbili, na nilipoirudisha akaniambia eti nishone mwenyewe, wah. Mwambieni fundi akunje pindo mara mbili na atoboe aileti (matundu yenye pete ya kupitisha kamba) kabla hamjaifunga.

Nyota tatu na nusu. Ukiona kobe anahema mdomo wazi mtoe juani mara moja, lakini usimwagie maji ya barafu.