Tathmini ya huduma ya kusajili mitambo ya umeme Afrika Kusini

Kuanzia Januari hadi Novemba 2023 nilisimamia makaratasi ya mradi wa paneli za jua zenye uwezo wa megawati 1.4 juu ya paa la kiwanda cha mikate mashariki mwa Johannesburg, na ninaandika haya kwa ajili ya ndugu zetu wanaofanya biashara huku ambao wanafikiria kujizalishia umeme. Huduma ninayoipima ni usajili wa mitambo katika NERSA, mamlaka inayodhibiti nishati nchini, pamoja na hatua zinazoutangulia, kwa kuwa mwombaji hawezi kuzitenganisha.

Mwaka huo mgao wa umeme ulikuwa mkali kuliko mwaka mwingine wowote. Umeme unapokatika mikate ikiwa katikati ya oveni, mkanda unaoibeba husimama, na kabla jenereta haijashika, safu nzima huwa imeungua chini huku ndani ikiwa mbichi. Nimewaona wafanyakazi wakiitoa kwa koleo na kuimwaga kwenye mapipa saa tisa usiku, ilhali malori ya kusambaza mikate yamejipanga uani yakisubiri. Kwa mtu aliyeyaona hayo, siku moja ya kuchelewa kwa kibali si jambo dogo.

Kabla ya mwaka 2021, mtambo kama wetu ungehitaji leseni kamili kwa sababu unazidi megawati 1. Serikali ilipandisha kiwango hicho hadi megawati 100 mwaka huo, na Januari 2023 ikakiondoa kabisa, kwa hiyo mzalishaji binafsi sasa husajili mtambo wake tu, hata uwe mkubwa kiasi gani. Ilitangaza pia kwamba usajili uliokuwa ukichukua miezi minne ungekamilika kwa wiki tatu. Kwetu ahadi hiyo ilitimia: cheti kilitoka siku ya kumi na tisa, baada ya swali moja la kitaalamu kuhusu mchoro wa mfumo, swali la haki ambalo tulilijibu siku hiyo hiyo. Kwa sehemu hii naisifu huduma bila kusita.

Shida yetu ilikuwa katika hatua iliyotangulia cheti. Mtambo unaounganishwa na gridi hausajiliwi bila uthibitisho kwamba mwenye nyaya amekubali kuupokea, na mwenye nyaya kwetu ni manispaa, ambayo sitaitaja. Ombi letu lilikaa huko miezi saba. Mara mbili tuliagizwa kupeleka upya mchoro uleule kwa sababu nakala ya awali haikuonekana, na mhandisi aliyekuwa na mamlaka ya kutia saini alikuwa mmoja tu kwa eneo zima. Simlaumu yeye, nilimkuta mezani saa moja asubuhi akiwa amezungukwa na mafaili. Lakini katika muda huo wote lori la dizeli liliingia kiwandani kila wiki, na gharama yake ikaingia kwenye bei ya mkate.

Hali hiyo haikuwa ya kwetu pekee. Katika zabuni ya sita ya umeme jadidifu, ambayo matokeo yake yalitangazwa Desemba 2022, hakuna mradi hata mmoja wa upepo uliopita, kwa kuwa nafasi kwenye njia za umeme za Rasi ya Mashariki na Rasi ya Magharibi ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na miradi mingine. Cheti cha wiki tatu hakijengi njia ya msongo mkubwa wala kituo cha kupoza umeme.

Wapo wanaosema dawa ni kuondoa vibali vyote mpaka dhiki ipite. Sikubaliani nao. Mwaka 2021 meli za kuzalisha umeme za Karpowership, kampuni ya Kituruki, ambazo zingetia nanga bandarini, zilichaguliwa katika mpango wa dharura kwa mkataba wa miaka 20, kisha Wizara ya Mazingira ikazinyima kibali, pamoja na mambo mengine kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wavuvi wadogo wa pwani walistahili kusikilizwa kabla ya kufungwa na mkataba wa muda mrefu kiasi hicho. Paneli juu ya paa la kiwanda hazimgusi mvuvi yeyote, na ndiyo maana ni sahihi zipite haraka.

Machi 2024 mgao ulisimama kwa miezi kumi. Usajili wa haraka haukufanya kazi hiyo peke yake, kwani vituo vya makaa ya mawe vya Eskom, shirika la umeme la taifa, navyo vilikuwa vimeimarika, ingawa paneli za watu binafsi ziliupunguzia mfumo mzigo wa mchana.

Anayetaka kuanza leo aombe kwanza barua ya muunganisho, adai nakala yenye mhuri wa tarehe iliyopokewa, na asilipe amana ya paneli kabla ya kupata jibu la maandishi. Sisi tulilipa mapema, na zetu zikakaa ghalani ndani ya maboksi kuanzia Mei hadi Novemba.